Babu hakuwa na dharau

Nimekuwa kimya tangu msiba wa Babu, na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama niko salama. Niko salama, namshukuru Mungu. Ni zamu za usiku tu na baridi ya huku Uingereza. Ila kuna jambo limenikaa kooni, leo naomba nilitoe.

Mnajua sikuja kuzika. Ruhusa ya kazini na tiketi havikupatikana kwa haraka. Mkaniomba niandike wasifu wa marehemu, maana eti mimi ndiye msomi. Niliuandika saa tisa usiku kwenye chumba cha mapumziko, nikautuma kwa simu. Alizaliwa, alioa, alijaliwa watoto sita, alikuwa fundi baiskeli hapo Ifakara kwa zaidi ya miaka 40, alipigana Vita vya Kagera. Vita nzima nikaipa mstari mmoja. Na kuna jambo nililijua, sikuliandika.

Kwa wadogo zangu ambao mnaisikia vita hiyo kwenye redio tu: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na siku chache baadaye Amin akatangaza kwamba ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Jeshi halikutosha, mgambo wakaitwa kwa maelfu kutoka kila kona ya nchi. Babu alikuwa na miaka 33, mkulima wa mpunga, mke na watoto watatu nyumbani. Akaaga, akaenda. Sehemu kubwa ya safari ndani ya Uganda walitembea kwa miguu, mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Aliporudi hakuleta redio wala saa. Alileta spana moja, na ufundi aliojifunza kwa mzee mmoja wa Masaka aliyekuwa akiziba pancha chini ya mti, mji wenyewe umebomolewa kwa mizinga. Spana hiyo ndiyo iliyotulisha. Ifakara mnaijua: gunia la mpunga, mkaa, mgonjwa, hata bibi harusi, wote walipanda baiskeli, na baiskeli zote zilipita kwa Babu.

Lakini tuambiane ukweli, sifa gani ilimfuata? "Yule fundi ana dharau." Unamwamkia, yeye anakaza spoku. Unamwita, hageuki. Wateja wengine walihamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara kwa sababu hiyo hiyo. Mama mkubwa, wewe mwenyewe ulinuna mwezi mzima ulipompigia hodi asikuitikie. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kreti la soda pembeni yake, na kila nikikaa kushoto aliniambia, "Mchumba, hamia huku." Nilidhani ananipisha kwenye kivuli.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni tulifundishwa sikio. Mwalimu alieleza kwamba kelele za silaha huua vijinywele vidogo vya ndani kabisa, na vikishakufa havioti tena. Nilikaa darasani nikiona kreti la soda. Likizo nikaja nyumbani, nikasimama nyuma ya bega lake la kushoto, nikaita kwa sauti ya kawaida. Kimya. Nikaalika vidole. Kimya. Nikahamia kulia nikanong'ona tu, akageuka.

Nilipombana alicheka. "Hilo nililiacha Uganda." Kazi yake ilikuwa kubeba masanduku ya makombora ya ile mitambo ambayo Waganda waliiita saba saba. Masikio yalilia siku tatu. La kulia likarudi, la kushoto halikurudi.

"Sasa Babu, kwa nini usiwaambie watu?"

"Fundi husikiliza gurudumu, mchumba. Gololi ikivunjika naisikia kabla sijaifungua. Nikisema sisikii, nani ataniletea baiskeli? Na wenzangu hawakurudi kabisa, mimi nikalilie sikio?"

Akaniapisha nisiseme. Nikanyamaza, ila nikamwahidi kwamba nikipata kazi nitamletea kifaa cha kusikia. La kushoto labda kisingelisaidia kitu, lakini la kulia nalo lilianza kuchoka na uzee, na hilo lingesaidika.

Nina miaka tisa huku. Kwanza madeni ya viza. Halafu ada za wadogo zetu, halafu bati za nyumba. Kila usiku wodini nawavua wazee vifaa vyao vya masikioni, nabadilisha betri, naviweka kwenye vikopo vyao. Huku hupewa bure. Na kila usiku nilikuwa najisemea, mwezi ujao. Sasa hakuna mwezi ujao.

Waliokufa vitani wamelala Kaboya kule Kagera, na kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka. Haki yao. Waliorudi wakafungua vibanda vya pancha hawana siku yao, na Babu hakuwahi kuiomba. Mimi naomba moja tu: mkimsimulia kwa watoto, lile neno dharau liondoeni. Najua siri nimeivunja. Ila hana tena mteja wa kupoteza.

Na yule mzee wa jirani mnayesema haitikii salamu, kabla hamjamnunia, mzungukieni kwanza upande wa pili mmwamkie tena.

Wajomba, ile spana msiiuze na vyuma chakavu. Nitaifuata mwenyewe Desemba, Mungu akipenda.

Mbaki salama.