Samora, picha ya mzee iko wapi?

Msomaji wangu, juzi nilitia timu Mtaa wa Samora, Dar, kutafuta studio iliyompiga mzee wangu picha ya harusi. Nakala ya nyumbani ililowa mvua: kanzu imebaki, uso umekwenda na maji. Na mzee mwenyewe hatunaye tena. Nyuma kuna muhuri na namba ya negativu. Nikajipa moyo, watanisafishia nyingine.

Nikaanzia kwenye sanamu ya Askari, aliyesimama pale tangu 1927, enzi za Waingereza mtaa ukiitwa Acacia. Studio hola! Pale sasa wanauza simu. Jirani zake waliokuwa wakijaza nyimbo kwenye kaseti, nao kwishnei.

Kijana wa dukani akacheka: "Bro, si upige tu na simu?" Nimpige nani sasa, marehemu?

Aliyenielewa ni fundi saa mmoja mzee, kibarazani. Nikamwamkia, akaitikia, akaishika ile picha. "Mwanangu, studio ilipofungwa, negativu zote zilikwenda na taka."

Jamani, kama mnazo picha za studio, zifungeni kwenye nailoni. Zikilowa, Samora hakuna wa kuzisafisha tena.