Ile foto ya Kadutu



Wengi wenu muliona ile foto yangu ya soko la Kadutu, kule Bukavu. Muliuliza: kapita, umefanya namna gani hata soko lote limekuwa kitu cha kuchezea watoto? Leo najibu.

Si uchawi. Weka sisimizi kwenye kidole, umusogeze karibu na jicho. Yeye utamuona wazi, lakini vilivyo mbele na nyuma yake vina ukungu. Mulima wa mbali hauko hivyo: nyumba za chini na za juu zote zinaonekana sawasawa. Macho yetu yamezoea hiyo. Yakiona ukungu mbele na nyuma, yanasema kitu hiki ni kidogo, tena kiko karibu. Wenye ufundi wanainamisha lensi ya aparei. Theodor Scheimpflug wa Austria alieleza kanuni ya kuinamisha tangu 1904. Mimi sina aparei. Nilipanda kwenye mutelemuko, jua kali, sababu lazima utazame kutoka juu, kama mutu anayetazama meza. Nikapiga na telefone ya kaka. Kisha programu ikatia ukungu juu na chini, nikaacha wazi mustari mumoja katikati. Rangi nikaziongeza, mabati yakawa kama plastiki.

Katika dortuari mulicheka sana. Mumoja akaonyesha na kidole: «Angalia kale kadoli, kanabeba kafuko!» Mimi kapita, mwenye kunyamazisha wengine kila usiku, nikacheka pamoja nanyi.

Yule ni mama yangu. Nilikuwa nimemutambua kwa kitambaa chake cha manjano mbele hata niwaonyeshe. Anabeba magunia ya watu, kamba kwenye paji la uso, na minervali yangu inatoka katika mugongo ule.

Wakati wa likizo nilimuonyesha ile foto. Hakukasirika. Aliitazama kwa mbali, akaileta karibu, akauliza:

– Na ule mulima ninapanda, umeupeleka wapi?

– Uko pale juu, mama, ndani ya ukungu.

– Aa.

Akanirudishia telefone, akaendelea kuchagua maharagi.

Foto ya kwanza, isiyotiwa ukungu, bado ninayo. Mulima wote unaonekana. Nimeitoa kwenye karatasi na kuibandika kwenye mulango wa dortuari yetu.