Mto Umekwisha

Zamani, msharika wetu alipougua ng'ambo ya Mto Kilombero, jibu letu lilikuwa tayari: "Tutafika, kivuko kikiruhusu." Kutoka Mikumi tulishika barabara ya Kidatu na Mang'ula hadi Ifakara, na hapo mtoni tukasubiri pamoja na magari, baiskeli na akina mama wenye mizigo kichwani. Jioni ikiingia, safari iliishia hapo.

Masika moja tuliitwa Lupiro. Mzee wa kanisa aliyehamia huko kulima mpunga alikuwa mahututi, naye aliomba Chakula cha Bwana. Tulifika mtoni kivuko kimeshafunga. Tulilala Ifakara, vyombo vya sakramenti vikiwa kando ya kitanda. Asubuhi tulipofika kwake, tulikuta turubai limefungwa uani. Tulimzika, tukaulaumu mto.

Mwaka 2018 Daraja la Magufuli lilifunguliwa, mita 384 juu ya maji yale yale. Kiangazi kilichopita tulishuka kwenye basi, tukalivuka kwa miguu. Vijana walitupita na baiskeli zenye magunia. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alitusalimia bila kupunguza mwendo. Hakuna aliyetazama saa. Ng'ambo tukapanda bodaboda hadi Lupiro.

Mjane wa yule mzee alitukaribisha, akatuwekea viti kivulini. Tangu daraja lifunguliwe, hiyo ilikuwa mara yetu ya pili tu kumtembelea. Tulipoanza kueleza habari za majukumu ya usharika, alisema taratibu: "Baba Mchungaji, mto umekwisha siku nyingi."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana neno lake lilituchoma.

Tunasoma katika Yoshua kwamba makuhani ndio waliotangulia kukanyaga maji ya Yordani, wakasimama katikati mpaka watu wote wakavuka. Sisi tulingoja tujengewe daraja, na lilipojengwa tukabaki upande wetu. Zege limeshinda maji, lakini uvivu wa moyo hushindwa kwa toba tu.

Siku ile tulitubu kwanza sisi, ndipo tukamhudumia mama yule Chakula cha Bwana.

Wapendwa, kila mmoja wetu anaye mtu ng'ambo: mgonjwa, jirani tuliyekosana naye, ndugu aliyeacha ibada. Twende kwake wiki hii, wala tusiutaje tena mto.