Mkanda wa babu: baba na binti walivyojifunza kusafisha picha nyumbani

Ndani ya masanduku ya bati na droo za makabati, familia nyingi bado zina mikanda ya picha ambayo haijawahi kusafishwa. Mwenye kamera alipiga, hela ya studio ikakosekana au akahamishwa kikazi, mkanda ukasahaulika. Akifariki, hakuna anayejua kilichomo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Nkuhungu, jijini Dodoma. Baada ya arobaini ya babu, bibi alimkabidhi mwanawe kamera ya Zenit na mikanda miwili ya picha zisizo za rangi. Mmoja ulikuwa mpya, boksi likionyesha muda wake uliisha mwaka 1988. Wa pili ulikuwa umeshapigwa.

"Mwanangu, kama ni picha za Mpwapwa, basi dada yako yumo humo," bibi alisema.

Dada huyo alifariki akiwa na mwaka mmoja, kabla baba huyu hajazaliwa. Hawakuwa na picha yake hata moja.

Studio walizouliza hazisafishi tena mikanda. Baba akaagiza dawa na chombo cha kusafishia, kisha likizo ya Juni akamwita binti yake wa kidato cha pili wajifunze pamoja. Uamuzi wao wa kwanza ndio uliowaokoa: hawakugusa mkanda wa babu. Walianza na ule mpya.

Mkanda wa zamani hupoteza nguvu ya kushika mwanga, na joto huuharibu haraka zaidi. Wapiga picha wengi huuongezea mwanga mara mbili kwa kila miaka 10 iliyopita. Kwa hiyo walipiga juani, saa sita mchana: kuku, mbuyu, watoto wa jirani.

Wengi hudhani taa nyekundu haina madhara. Hiyo ni ya karatasi za kuchapia picha. Mkanda wenyewe kwa kawaida hutaka giza totoro. Walisubiri usiku, wakaziba mlango wa stoo kwa mablanketi, binti akauzungusha mkanda kwenye gurudumu la chombo kwa kupapasa. Kifuniko kikishafungwa, kazi iliyobaki hufanyika kwenye mwanga: dawa ya kutoa picha, maji ya kuikatiza, dawa ya kukazia, kisha kusuuza.

Walikosea kwenye joto. Dawa nyingi hupimwa kwa nyuzi 20, lakini wao walitumia maji ya simtanki lililoshinda juani. Dawa ya moto hufanya kazi haraka, na picha zote zikatoka nyeusi tii.

Baba alinuna. Binti akasema, "Baba, ungekuwa wa babu je?"

Mara ya pili walifanya alfajiri, Dodoma ikiwa na baridi yake, kipimajoto ndani ya beseni. Kwa kuwa maji ya bomba yana chumvi inayoacha madoa, walimalizia kusuuza kwa maji ya chupa. Kwa ajili ya vumbi, walimwagia maji sakafu ya bafu, wakafunga dirisha na kuuanika mkanda kwa vibanio vya nguo.

Kati ya picha 36, sita tu ndizo zilizoonekana, nazo kwa ukungu. Binti aliweka mkanda juu ya simu yenye skrini nyeupe, akaupiga kwa simu nyingine na kugeuza rangi. Katika picha ya nne alikuwapo mwanamke kijana kando ya reli, mgongoni amebeba mtoto. Kilichoonekana ni kisogo na mkono mmoja.

Bibi alishika simu muda mrefu. "Ndiye," alisema, akataja jina ambalo mjukuu wake hakuwahi kulisikia. Siku hiyo alisimulia mengi kuhusu mtoto yule kuliko alivyosimulia miaka yote.

Mzazi mwenye mkanda wa aina hii auhifadhi pakavu, mbali na joto, na ajifunzie kwenye mkanda usio na thamani. Avae glavu, afungue dirisha baada ya kufunga chombo, na asitumie vyombo vya jikoni. Dawa ziwekwe mbali na watoto wadogo.

Picha zikitoka, awahi kumwonyesha mzee aliye hai na kuandika majina siku hiyohiyo.