Wageni wa Bustani Yetu

Ndugu walimu, bustani ya nyumbani kwetu Kisoko, wilayani Tororo, ni kipande kidogo cha ardhi nyuma ya jiko: hatua ishirini urefu, hatua kumi na mbili upana. Mna mlimau mmoja, maboga, na siku hizi maua. Twasema siku hizi, kwa kuwa haikuwa hivyo daima.

Tulipohamia hapo tulikuwa na fikira moja tu, nayo ni usafi. Tulifyeka alizeti mwitu zilizokuwa wigo, tukang'oa kishona nguo chote, na tulipoona viwavi katika majani ya mlimau tulinunua dawa, tukainyunyiza asubuhi moja, mlimau na maboga pamoja. Kiwanja kikawa cheupe kama kiganja, nasi tukajisifu.

Msimu ule maboga yalichanua vizuri lakini hayakuzaa. Kila kiboga kichanga kiligeuka manjano, kikaanguka. Tulidhani ni upungufu wa mbolea. Mama yetu mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, na ambaye huketi nje tangu alfajiri, alituambia: "Mwanangu, asubuhi hapa ni kimya." Hatukumwelewa.

Aliyetuzindua ni mwanafunzi. Tulikuwa tukifundisha upatanisho wa kisarufi: kwamba kipepeo, ijapokuwa ana kiambishi ki-, husemwa "kipepeo ametua", kwa kuwa ni kiumbe chenye uhai, bali kipepeo cha kupepea moto "kimevunjika". Tukaongeza kwamba kipepeo huanza maisha yake akiwa kiwavi. Msichana mmoja, ambaye hupita kwetu akienda kisimani, akanyosha mkono: "Mwalimu, wale viwavi wa mlimau wa kwenu, mliowapulizia dawa, walikuwa vipepeo?" Darasa likacheka. Sisi hatukucheka.

Walikuwa vipepeo kweli. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga mayai yake juu ya majani machanga ya milimau na michungwa. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na hivyo adui humpuuza. Akikua huwa kijani, na akiguswa hutoa pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Mche mdogo waweza kuumizwa naye, lakini mti uliokomaa huvumilia hasara ya majani machache. Huko Gede, pwani ya Kenya, ulianzishwa mwaka 1993 mradi uitwao Kipepeo, ambamo wakulima waishio kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hulea viwavi ili wauze pupa ng'ambo. Kiwavi kwao ni mazao. Kwetu alikuwa uchafu.

Ama maboga, kosa lilikuwa letu vilevile. Mboga huu una maua dume na maua jike. Ua jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na katika saa hizo chache sharti nyuki wachukue chavua kutoka ua dume hadi ua jike. Sisi tulinyunyiza sumu katika saa zizo hizo.

Tukaanza upya. Alizeti mwitu tulizirudisha upande mmoja. Tulipanda mrehani na kuuacha utoe maua, tukapanda alizeti za kawaida, na kishona nguo tukakiachia pembe yake. Tulijifunza kwamba waridi lenye petali nyingi hupendeza macho yetu, lakini mara nyingi halimpi nyuki njia ya kuufikia mbochi. Tuliweka sahani ya maji yenye vijiwe, nyuki wapate pa kusimama wakinywa, na tukaacha tope kidogo, kwani vipepeo hufyonza chumvichumvi humo. Mama watoto alihofia watoto wasije wakaumwa, na hofu hiyo ina haki, maana nyuki wa kwetu ni wakali wakilinda mzinga. Kwa hiyo hatukuweka mzinga. Nyuki anayetafuta chakula mauani hana ugomvi na mtu asiyemshika.

Msimu wa pili wa mvua, kabla hatujatoka kwenda shuleni, mama aliinua uso akasema neno moja tu: "Wamerudi." Tulisimama kando yake tukasikiliza. Mwaka ule tulivuna maboga tukagawia na majirani.

Kila mwaka twawafundisha watoto methali isemayo fuata nyuki ule asali, nasi huieleza kwa ufasaha mkubwa. Ndugu walimu, tupande basi maua kandokando ya madarasa yetu, ili mtoto anayeambiwa amfuate nyuki apate nyuki wa kumfuata.