Watoto Wasaka Picha Huko Shabunda

Mzazi aliyewahi kusafiri na watoto anajua kwamba mzigo mzito wa safari si masanduku. Mzigo ni lile swali, "Tutafika lini?", na baada ya kufika, lile la pili linaloshinda la kwanza: "Sasa tufanye nini?" Mtoto wa mjini akiisha kuwasalimu babu na bibi, akala, akalala, asubuhi yake huanza kuzunguka uani kama kuku aliyefungwa mguu. Leo twapenda kuwasimulia jinsi tulivyolijibu swali hilo katika likizo kuu ya mwaka 2019, tulipowapeleka watoto wetu watatu Shabunda kwa wakwe zetu. Na jinsi jibu letu lilivyokaribia kututia taabuni kwa kosa letu wenyewe.

Shabunda ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini. Ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, yaani inakaribia ukubwa wa nchi nzima ya Rwanda. Ni nchi ya Warega, na mji wake umekaa kando ya mto Ulindi, unaoshuka kutoka milima ya mashariki na kwenda kumwagika katika Lualaba. Msitu umeizunguka pande zote. Barabara ya kutoka Bukavu ni ya matope na mashimo, hata gari la mizigo laweza kulala njiani siku nyingi. Kwa hiyo tulipanda ndege ndogo pale Kavumu, kilomita 30 hivi kutoka Bukavu. Chini yetu tuliuona mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, na ile hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1980. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na Shabunda haifiki mita 700. Tuliposhuka, sweta zote zilivuliwa, na kitinda mimba wetu wa miaka sita akauliza ni nani aliyewasha moto chini ya ardhi.

Kabla ya safari tulikuwa tumetayarisha mchezo. Katika nchi za ng'ambo mchezo huu una historia yake. Miaka ya 1930 huko Marekani, bibi mmoja mwenye karamu nyingi, Elsa Maxwell, aliupa sifa kubwa: wageni waligawanywa makundi, kila kundi likapewa orodha ya vitu vya ajabu, likaenda kuvitafuta mjini na kuvileta. Siku hizi watu wengi hawavileti tena vitu vyenyewe. Huleta picha zake tu. Hilo lilitupendeza, kwa sababu kitu hubaki mahali pake na mwenyewe habaki mikono mitupu.

Tena mtoto kupiga picha si jambo geni. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera iitwayo Brownie, iliyouzwa kwa dola moja ili hata watoto waweze kuitumia. Filamu yake ilikuwa na picha sita tu. Mtoto alilazimika kutazama sana kabla ya kubonyeza. Simu ya leo yaweza kupiga picha elfu moja bila kutazama hata moja! Kwa hiyo tuliweka sheria: kwa kila kitu kilichoandikwa, picha mbili, wala si zaidi.

Basi tukaandika orodha ya vitu kumi na viwili. Simu ilikuwa moja, nao ni watatu, tukagawa kazi. Mmoja ashike simu, mmoja ashike karatasi, mmoja awe msemaji; na kila baada ya vitu vinne wabadilishane. Kwa ajili ya yule mdogo asiyejua kusoma tulichora vitu hivyo kwa kalamu. Tulijiona wenye akili nyingi.

Kumbe, mambo ya kuandikwa mezani Bukavu si mambo ya kutendwa njiani Shabunda. Katika orodha yetu kitu cha saba kilikuwa hiki: "Kamba inayofanya kazi." Sisi tulifikiri mtego wa samaki, au ugomvi wa mti uliofungiwa nguzo za nyumba. Mtoto wetu wa pili, kijana wa miaka kumi, alifika mwisho wa mtaa akaona kamba imetandwa kukata njia, na mtu ameketi akiishusha kila pikipiki ilipolipa. Hiyo hakika ilikuwa kamba inayofanya kazi kuliko zote! Akapiga picha.

Mara moja akatokea mtu mwenye bunduki. Akamshika mkono, akamwuliza, "Nani aliyekutuma?" Mtoto, ambaye tumemfundisha kusema kweli siku zote, akajibu, "Ni baba. Ameandika kwenye karatasi." Na karatasi ikatolewa. Wapenzi wasomaji, hebu isomeni karatasi ile kwa macho ya mlinzi wa njia katika nchi iliyoona vita miaka mingi: daraja, mtumbwi uliojaa, mlingoti mrefu kuliko yote, kamba. Ni orodha ya mchezo, au ni orodha ya mpelelezi?

Tulipoitwa tulikuta watoto wamekaa chini, hawalii, lakini midomo imekauka. Simu ilikuwa mfukoni mwa mtu yule. Tulianza kueleza kwa haraka na kwa sauti ya mwalimu, na kila neno letu lilizidi kuharibu. Ndipo alipofika baba mkwe. Hakusema neno juu ya simu. Aliomba kiti, akaketi, akawasalimu wote mmoja mmoja, akauliza hali za nyumbani kwao, na kumbe mmoja wao mama yake alimfahamu. Baadaye ndipo alipoomba karatasi isomwe kwa sauti, kitu kwa kitu. Ilipofika "masizi ya jiko la bibi", mmoja alicheka, kisha wote. Picha ikafutwa mbele ya macho yao, simu ikarudishwa. Penye wazee haliharibiki neno.

Njiani baba mkwe alituambia maneno machache. "Mkwe wangu, umewatuma watoto kutazama nchi ambayo wewe mwenyewe hujaiuliza." Hatukuwa na jibu, maana ndivyo ilivyokuwa.

Jioni ile, baada ya chakula cha ndizi na sombe lenye mawese, mzee aliwaita watoto. Akawaeleza kwamba Warega nao walikuwa na mchezo wao wa kamba, tena si mchezo tu bali ni shule. Waliuita mutanga. Ni kamba iliyotandwa, na juu yake vimetundikwa vitu vidogo vidogo: kipande cha mti, unyoya, gamba la konokono, ukucha wa mnyama, kitu cha kazi kilichochakaa. Kila kitu ni methali. Mzee hushika kitu kimoja, na mwenye kujifunza hutaja neno lake. Au hutaja neno, na mwingine hukionyesha kitu. Hivyo hekima ya kabila ilishikika kwa mikono na kuonekana kwa macho. Padre Georges Defour aliikusanya hekima hiyo ya kamba ya Warega katika kitabu, ili isipotee.

Binti yetu wa miaka kumi na mitatu akauliza, "Babu, kamba hizo ziko wapi sasa?" Mzee alinyamaza kidogo. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku bwami, chama kikuu cha Warega kilichokuwa na vyeo, mafundisho, na vinyago vidogo vya mti na pembe. Vitu vingi viliuzwa au kuchukuliwa. Leo mtu akitaka kuviona vingi kwa mara moja, huviona Tervuren huko Ubelgiji, au Los Angeles huko Marekani. "Ndiyo sababu," alisema mzee, "mtu akija na chombo cha kuchukulia, hata kama anachukua sura tu, sisi huuliza kwanza."

Kesho yake tulichana karatasi yetu. Orodha mpya ilitungwa na mzee pamoja na bibi, nasi tuliandika tu. Ilikuwa na kinu na mchi, kikapu cha kuvulia samaki, jani la kufungia chakula, mahali pa kukamulia mawese, ngoma, kiti cha mzee, mti ambao bibi alipumzika chini yake alipokuwa msichana. Na kabla ya picha yoyote watoto walipaswa kuuliza maswali matatu: Hiki ni cha nani, naye amekubali? Jina lake kwa Kilega ni nani? Chafundisha nini? Picha isiyo na majibu matatu haikuhesabiwa.

Tuliona mabadiliko makubwa. Siku ya kwanza watoto walikuwa wakikimbia, sasa walikaa. Watoto wetu walizaliwa Bukavu, nao husema Kiswahili na Kifaransa. Kilega cha mama yao walikisikia tu kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati. Kwa siku tano binti yetu aliandika maneno 31 katika daftari lake. Mama mmoja mzee alikataa kupigwa picha. Binti akaiweka simu chini, akamsaidia kumenya karanga, akarudi nyumbani bila picha, lakini na hadithi ndefu ya mafuriko ya zamani. Tulimpa alama zote.

Wasomaji wanaotaka kujaribu mchezo huu na wapokee mashauri haya. Orodha itungwe na wenyeji, wala si na wageni. Iwe fupi; vitu nane vyatosha kwa siku moja. Msiandike kamwe daraja, uwanja wa ndege, askari, machimbo, wala kizuizi cha njia, na mtoto ajue mapema kwamba hivyo havipigwi picha. Mtu mzima atembee nao. Mwenye kukataa asisumbuliwe. Mahali pasipo umeme, simu izimwe mpaka saa ya mchezo. Na kama simu haipo kabisa, liko zoezi ambalo Baden-Powell aliwafundisha maskauti katika kitabu chake cha mwaka 1908: vitu vingi huwekwa juu ya sinia, hutazamwa kwa dakika moja, hufunikwa, na kila mmoja huvitaja kwa kukumbuka. Jicho ndiyo kamera ya kwanza.

Safari yenyewe hatumshauri mtu kuifunga kama sisi. Februari 2025 vita vilifika Kavumu na kuingia Bukavu, na mzazi mwenye busara huuliza habari za njia na amani kabla ya kuuliza habari za likizo. Hakuna mchezo ustahilio kumweka mtoto hatarini. Lakini kusaka kwa picha hakuhitaji ndege. Nyumba ya shangazi mtaa wa pili yatosha, na hata familia iliyokimbia makwao ina mzee mwenye kukumbuka na mtoto mwenye kuuliza.

Yabaki neno moja. Tuliporudi Bukavu, tulichapisha picha zote kwenye karatasi, maana tulikuwa tumewaahidi watu sura zao, na ahadi ni deni. Tuliandika nyuma ya kila moja jina la kitu kwa Kilega, kwa mwandiko wa watoto, tukampa bahasha msafiri aliyekuwa akirudi Shabunda. Baada ya miezi miwili tulipata habari. Bibi hakuzitia sandukuni. Alitanda kamba ukutani sebuleni, akazitundika moja moja, na watoto wa jirani wakiingia, babu hunyosha kidole na kuwauliza, "Hiki ni nini, na chafundisha nini?"