Transista za redio ya bibi

Wadau, nimekuwa kimya wiki nzima. Nilikuwa Iringa na Mbeya, na safari hii sikufuata habari. Nilifuata redio.

Redio yenyewe ni ya marehemu babu. Bibi yuko Iringa mjini na hataki nyingine. Ilipoanza kukwaruza, nikajitia fundi. Ndani nikakuta transista mbili zinazosukuma spika, zote 9013, moja imekufa. Nikanunua mpya yenye jina hilohilo, nikailehemu. Bibi akasikiliza, akasema: "Mume wangu, sasa ndiyo inaongea kama ina mafua."

Nikaibeba hadi Mbeya, kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa ninayemfahamu.

"Ulizipima?"

"Zote ni 9013, kaka."

Akacheka. "Mdogo wangu, hilo ni jina la ukoo tu."

Akatoa kibao chenye betri ya volti 9 na rezista mbili. Ya kwanza, kilo-omu 820, inatoka kwenye chanya kwenda kwenye besi. Inapitisha kama mikroampia 10 tu. Ya pili, kilo-omu 1, inatoka kwenye chanya kwenda kwenye kolekta. Emita inarudi kwenye hasi. Basi. Unapima volti kwenye ile rezista ya kilo-omu 1. Kila volti 1 ni miliampia 1, maana yake mkondo wa besi umekuzwa mara 100.

Transista yangu mpya ilisoma volti 1.8, yaani mara 180. Ya zamani 1.1, mara 110. Wala hakuna feki hapo: 9013 inaruhusiwa kukuza kuanzia mara 64 hadi 202. Tatizo ni kwamba hizi mbili hupokezana, moja inabeba nusu ya wimbi la sauti, nyingine nusu iliyobaki. Zisipolingana, nusu moja inazidi nyingine. Hayo ndiyo mafua.

Nikaishika transista isicheze, namba zikaanza kupanda zenyewe.

"Toa vidole! Unaipasha moto."

Kumbe joto huongeza ukuzaji, na ile baridi ya asubuhi ya Mbeya mnaijua. Tukawa tunaiacha kila moja ipoe kwanza. Tulipima kumi, tukapata mbili zilizokaribiana: 1.30 na 1.32.

Basi lilipita Makambako, likapita Mafinga, nikapanda kilima cha Ipogolo nimeikumbatia redio kama mtoto. Bibi akaiwasha. Hakusema kitu. Akaongeza sauti, akarudi kwenye kiti chake.

Wadau, kazi yangu ni kuuliza maswali. Halafu niliamini maandishi yaliyo mgongoni mwa transista bila kuuliza hata moja. Nimejiuliza njiani: ni habari ngapi nimeziandika hivyohivyo, kwa sababu tu aliyesema ana cheo kikubwa?

Nawasilisha.